Trekta ya Guka haikurogwa, hesabuni paipu

Wadau, wiki mbili zilizopita niliweka hapa picha ya trekta nyekundu kwenye kibanda kwetu Ol Kalou, baba mkubwa amesimama kando na mnunuzi wa vyuma chakavu. Mlicheka sana. "Uzeni mnunue ng'ombe." Sawa. Haijauzwa, na leo nawaeleza kwa nini.

Kwetu kuna hadithi mbili za kwa nini hiyo trekta ni ngumu kuwaka. Ya kwanza ni ati mzungu aliyeiuza aliondoka na kinyongo. Ya pili ndiyo mbaya: kwamba fundi aliyekuwa akiishughulikia miaka ya 90 alitoa vipuri vizuri akaenda kuviuza. Mzee wa watu aliitwa mwizi mbele ya majirani, akabeba spana zake, hakurudi tena. Kutoka hapo trekta ikawa inawaka siku za jua tu, halafu ikanyamaza kabisa.

Mimi si fundi, lakini nilikuwa na likizo na simu yenye bando. Nikaanza na betri, kwa sababu ndiyo rahisi. Betri mpya, na bado stata inazunguka polepole kama inasukuma mlima. Kumbe waya wa arthi umeoza pale unapofungwa kwenye chesi. Nikakwangua kutu, nikaufunga upya, stata ikazunguka vizuri. Injini bado bubu.

Nikaenda kwa dizeli. Hii kitu haina plagi ya cheche. Pistoni inabana hewa mpaka inakuwa moto sana, halafu dizeli inanyunyizwa humo na kujiwasha yenyewe. Hewa kidogo ikiingia kwenye paipu za dizeli, umekwisha, kwa sababu pampu itakuwa inabana mapovu. Nikabadilisha filta, nikalegeza nati moja baada ya nyingine kuanzia kwenye filta hadi pampu, mpaka dizeli ikatoka bila mapovu. Mwisho nikalegeza nati za paipu kule juu kwenye nozeli huku binamu yangu akipiga stata. Dizeli ikaruka. Nikakaza, tukapiga tena, na ekzosi ikatoa moshi mweupe.

Shikilia hapo kwa moshi mweupe. Maana yake dizeli inafika ndani lakini haichomeki. Kinachokosekana ni joto.

Nilipokuwa nakaza zile nati ndipo niligundua kitu. Paipu za kwenda kwenye nozeli zilikuwa nne. Kila Massey Ferguson 35 ya dizeli niliyowahi kuona huku ina tatu. Nikakwangua rangi nyekundu kidogo, chini yake kukawa na kijivu. Hapo ndipo nilianza kusoma usiku kucha.

Trekta za Harry Ferguson, yule Mwairishi, zilitengenezwa Coventry, Uingereza, kwenye kiwanda cha Banner Lane kilichoendeshwa na kampuni ya Standard. Ile ndogo ya kijivu, TE20, ilianza 1946 na ikafika zaidi ya nusu milioni kabla ya kusimamishwa 1956. Akili yake ilikuwa mikono mitatu ya nyuma inayoinua jembe kwa haidroliki, hivyo trekta nyepesi ikalima kama nzito. Iliyofuata mwaka huo wa 1956 ni modeli ya 35, na ya dizeli iliwekwa injini ya Standard ya silinda nne. Waulize wanaokusanya trekta za zamani, watakuambia hiyo injini ilikuwa na jina baya kwa jambo moja: kuwaka asubuhi ya baridi. Ferguson alikuwa ameshaungana na Massey-Harris tangu 1953, na mwaka 1959 Massey-Ferguson ikanunua kampuni ya injini ya Perkins. Kufikia mwisho wa mwaka huo 35 ikaanza kupewa Perkins ya silinda tatu. Hiyo ndiyo mnayoijua, inayowaka hata ukiikoholea.

Kwa hivyo tuliyo nayo sisi ni ile ya kabla ya marekebisho. Na iko Nyandarua, juu zaidi ya mita 2,300, ambako hewa ni nyepesi na Julai maji ya ng'ombe yanashika barafu.

(Kuna mtu ataandika kwamba Edmund Hillary alifika Ncha ya Kusini Januari 1958 na trekta za Ferguson, kwa hivyo baridi ni kisingizio. Boss, zile zilikuwa za petroli. Zina cheche.)

Sasa fikiria mambo ya Guka tuliyokuwa tunayacheka. Kibanda cha trekta kakijenga juu kabisa ya shamba, mbali na nyumba, mlango ukiangalia mteremko. Tulisema ni ushamba. Asubuhi kabla ya kulima anachemsha sufuria mbili za maji na kumwaga kwenye rejeta, Cucu akilalamika kuhusu kuni. Hakuwahi kuzima injini mahali tambarare. Kila moja ya hizo tabia ni jibu kwa hiyo injini. Maji moto yanazuia chuma baridi kunyonya joto la hewa iliyobanwa. Mteremko unazungusha injini haraka kuliko stata yoyote. Hakuwa na kitabu cha maelekezo, na hata angekuwa nacho ni cha Kiingereza. Aliisoma injini kwa mikono.

Tuseme ukweli kuhusu alivyoipata. Ardhi hiyo ilikuwa ya walowezi, Waafrika hawakuruhusiwa kumiliki. Kuanzia 1962 ndipo ule mpango wa makazi wa ekari milioni moja ulianza kugawa mashamba, na walowezi waliokuwa wanaondoka wakauza vifaa. Guka aliinunua mnadani baada ya uhuru. Kufikia wakati huo ile ya silinda tatu ilikuwa sokoni miaka kadhaa. Mimi naamini iliuzwa bei ya chini kwa sababu muuzaji alijua. Halafu mkulima mweusi akihangaika nayo asubuhi, wanasema Mwafrika hajui kutunza mashine. Na sisi wajukuu tukaamini. Hilo ndilo linaniuma.

Turudi kwenye joto. Injini hiyo ina hita plagi nne, vijiti vinavyopashwa moto na betri kabla ya kupiga stata. Nilizipima, zote hazina moto. Nne kufa pamoja? Nikazitoa moja moja nikazipima pekee yake. Tatu nzima, moja imekatika. Zimefungwa kwa mfululizo, umeme unapita ya kwanza ndipo ufike ya pili, kwa hivyo ikikatika moja zote zinalala. Na si za kawaida, zina ncha mbili za waya na volti ndogo. Huwezi kuchomeka ya pikapu.

Niliagiza moja kutoka Uingereza, nikasubiri siku 19. Jumamosi alfajiri tukapasha nusu dakika, tukapiga stata. Moshi mweupe, kikohozi, moshi mweusi, na baba mkubwa akavua kofia.

Jioni nilipata namba ya yule fundi nikampigia. Nilipotaja hita plagi alinyamaza, halafu akasema, "Ya tatu kutoka mbele?" Ndiyo, mzee. Akaniambia alikuwa ameitoa aende nayo Nakuru kutafuta ya kufanana, akarudi mikono mitupu na kuirudisha mahali pake. Kuna mtu alimwona akiondoka na kipuri mfukoni.

Bado yuko hai, amepoteza jicho moja. Jumapili naenda kwake na unga na sukari. Baba mkubwa nimemwambia mara mbili. Amesema ataona kama mvua haitanyesha.