Daftari la Wilaya na Kanuni ya Daktari: Karel Styblo na Utafiti wa Kifua Kikuu nchini Tanzania

Historia ya tiba ya mapafu katika Afrika Mashariki husimuliwa zaidi kwa kufuata ujio wa dawa mpya. Makala hii inafuata njia nyingine kwa kuchunguza kazi ya Karel Styblo (1921–1998), mtaalamu wa magonjwa ya mapafu kutoka Chekoslovakia. Inadaiwa kwamba mchango wake uliodumu ni daftari la usajili lililotunzwa na watumishi wa afya wa wilaya za Tanzania, na kwamba daftari hilohilo ndilo lililofichua ukomo wa kanuni ya kihesabu inayobeba jina lake.

Styblo aliupata ugonjwa aliokuja kuutafiti alipokuwa mfungwa wa Wanazi wakati wa Vita Vikuu vya Pili. Kuanzia mwaka 1960 alishiriki katika utafiti wa wilaya ya Kolín, nchini mwake, ambako mwenendo wa kifua kikuu ulifuatiliwa kwa miaka mingi. Mwaka 1966 alihamia The Hague, Uholanzi. Fundisho alilolibeba ni kwamba wagonjwa ambao vimelea vyao huonekana kwa hadubini katika makohozi ndio waenezaji wakuu wa ugonjwa, hivyo wao ndio wa kutafutwa na kuponywa kwanza.

Fundisho hilo lilijaribiwa kwa upana Tanzania. Majaribio yaliyofanywa katika hospitali za Afrika Mashariki mwanzoni mwa miaka ya 1970, kwa ushirikiano na Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza, yalikuwa yameonesha kwamba tiba yenye rifampisini ingeweza kukamilika kwa miezi sita. Hata hivyo, dawa hiyo ilikuwa ghali, na tiba ya kawaida iliendelea kuchukua mwaka mmoja au zaidi. Wengi waliiacha njiani mara tu walipopata nafuu. Mwaka 1977, Leader Stirling akiwa Waziri wa Afya, ulianzishwa mpango wa taifa wa kifua kikuu na ukoma kwa msaada wa Umoja wa Kimataifa Dhidi ya Kifua Kikuu. Mpango huo haukujenga hospitali zake. Ulipita katika zahanati na vituo vya afya vilivyokuwa vikienezwa vijijini baada ya Azimio la Arusha. Iringa na Mbeya, kama mikoa mingine, ziliingizwa katika mfumo wa waratibu wa mkoa na wa wilaya. Kila robo mwaka mratibu alihesabu wagonjwa walioandikishwa, kisha akaeleza hatima yao: waliopona, waliofariki, waliohama na walioacha tiba.

Kuanzia mwaka 1982 wagonjwa walipewa rifampisini kwa miezi miwili chini ya uangalizi, kisha isoniazidi na thiasetazoni kwa miezi sita. Takriban wanane kati ya kila kumi walipona. Kwa sababu matokeo yalikuwa yameandikwa, gharama za kumponya mgonjwa mmoja ziliweza kukokotolewa, na Benki ya Dunia ikashawishika. Katika miaka ya 1990 Shirika la Afya Duniani liliueneza utaratibu huo kwa jina la DOTS.

Kanuni ya Styblo, iliyochapishwa mwaka 1985, ilisema kwamba mahali ambapo asilimia 1 ya watu huambukizwa kila mwaka, patakuwa na wagonjwa wapya wapatao 50 wenye vimelea katika makohozi kwa kila watu 100,000. VVU viliuvunja uwiano huo. Wagonjwa waliosajiliwa nchini waliongezeka kutoka takriban 12,000 mwaka 1983 hadi zaidi ya 60,000 mwaka 2004, ilhali vipimo vya tuberkulini kwa watoto wa shule havikuonesha ongezeko la maambukizi. Mkoa wa Mbeya ulikuwa miongoni mwa maeneo yaliyoathiriwa mapema na VVU.

Kwa hiyo, kumwita Styblo mwasisi pekee wa DOTS ni kuipunguza historia. Kanuni ilihitaji dunia isiyo na VVU. Daftari halikuhitaji sharti hilo. Waratibu wa wilaya, ambao majina yao hayapo katika machapisho ya kimataifa, walizalisha ushahidi uliotumika kwanza kuithibitisha tiba, kisha kuisahihisha nadharia. Wanastahili kuhesabiwa kuwa watafiti.