Vitabu vya Mkono Katika Nyumba za Lamu na Pate

Mwaka 1858, katika visiwa vya Lamu, mama mgonjwa alimwita binti yake akae karibu, alete wino na karatasi. Mama huyo ni Mwana Kupona binti Mshamu, mjane wa Bwana Mataka, mtawala wa Siyu aliyempinga Sultani Sayyid Said wa Unguja. Binti ni Mwana Hashima. Ndani ya utenzi aliomtungia, mama anayafananisha maneno yake na hirizi ya kufungwa kwa uzi, tena na kidani cha lulu na marijani. Miaka michache baadaye akafariki, na tungo lile likabaki kwa mwanawe.

Leo utenzi huo, Utendi wa Mwana Kupona, unafundishwa madarasani kama fasihi, nasi huhesabu mizani na kujadili nafasi ya mke. Kabla ya hayo ulikuwa mali ya nyumbani. Ulikuwa karatasi zilizoandikwa kwa mkono, zikasomwa na wanawake mbele ya wanawake, zikachakaa, zikanakiliwa upya. Nyumba nyingi za kale za Lamu, Pate na Siyu zilikuwa na vitabu vya namna hii: Msahafu, maulidi, tenzi, vitabu vya dawa na falaki.

Karatasi haikutengenezwa pwani. Ililetwa na vyombo pamoja na bidhaa nyingine. Kilichobaki kilikuwa kazi ya fundi. Siyu ya karne ya 19 ilisifika kwa wachongaji, washona ngozi na wanakili wake wa Misahafu. Mnakili aliichonga kalamu yake kwa kisu, akaandika kwa wino mweusi, na mwekundu akauweka kwa alama na mapambo. Tenzi zilikuwa na utaratibu wake: mara nyingi ubeti mzima ulilala katika mstari mmoja, vipande vinne vikitengwa kwa alama ndogo, ili jicho la msomaji lisipotee sauti ikiendelea. Mwishoni mnakili alitia jina lake, tarehe ya Hijria na ombi la dua. Kurasa tupu nazo hazikuachwa hivi hivi. Aghlabu wenye kitabu waliandika humo siku aliyozaliwa mtoto, siku aliyofariki mzee, au jina la aliyekiweka wakfu ili kisiuzwe.

Hapa ndipo penye jambo ambalo wengi hatulitilii maanani. Herufi za Kiarabu, kwa jinsi zilivyotumika zamani pwani, hazikuwa na alama ya kila sauti ya Kiswahili. Herufi moja ya *be* iliweza kusomwa *b*, *p* au *mb*. *Fe* iliweza kuwa *f* au *v*. Tena *e* na *i* ziligawana alama moja, kama *o* na *u*. Baadaye Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa alitengeneza mfumo uliozipambanua sauti hizo. Lakini katika vitabu vya kale, asiyewahi kulisikia tungo alikwama njiani. Bibi alisoma, mjukuu akasikiliza, na siku mjukuu aliposhika kitabu mwenyewe, alikisoma kwa msaada wa sauti aliyokwisha kuizoea. Kwa hiyo karatasi peke yake haikuwa urithi kamili.

Halafu vitabu vikaanza kusafiri. Utendi wa Tambuka, ambao Mwengo wa Athumani aliutunga Pate mwaka 1728, una nakala ya kale iliyohifadhiwa Hamburg, Ujerumani. Muhamadi Kijuma wa Lamu, aliyefariki mwaka 1945, alikuwa mshairi, mchonga milango na mwandishi wa hati nzuri mno. Aliwanakilia tenzi wataalamu wa Ulaya, akiwemo Alice Werner, William Hichens na Ernst Dammann, na kazi za mkono wake zimo katika maktaba za London na Ujerumani. Sioni haki kumlaumu kwa kuwanakilia wageni. Bila nakala zake tungekuwa maskini zaidi. Miaka ya 1960 mtafiti J. W. T. Allen alizunguka pwani akikusanya miswada kwa ajili ya maktaba ya chuo kikuu cha Dar es Salaam, na jambo la busara kuliko yote ni kwamba alikusanya pia kanda za sauti.

Maktaba hutunza vizuri. Huko kitabu hukingwa na mchwa na unyevu wa masika. Lakini kitabu kikitoka nyumbani bila maelezo, hakuna tena ajuaye nani alikisoma, katika arusi ya nani, kwa mahadhi gani. Hasara kubwa zaidi imetokea humu humu majumbani. Serikali za kikoloni zilipoweka herufi za Kilatini mashuleni, na Kiswahili kikasanifishwa kuanzia 1930, watoto walijifunza kusoma lugha yao kwa maandishi mengine. Wengi walijua kusoma Kiarabu cha Msahafu, ila si Kiswahili cha bibi yao. Wakarithi karatasi wasizoweza kuzisoma, na kisichosomeka hutupwa kwa urahisi.

Kama kwenu kuna kitabu cha mkono kandoni mwa kasha au ndani ya kidaka, msikiuze karatasi moja moja, wala msikiache kioze kwa kuwa hakuna anayekijua. Kipigeni picha ukurasa kwa ukurasa, pamoja na pambizo zake. Andikeni majina ya waliokimiliki. Kisha mtafuteni mzee anayeweza kukisoma kwa sauti, mumrekodi angali hai.