Mbegu ya Darini na Maji ya Wengi

Huku Makote, kama ilivyo katika vijiji vingi vya uwanda wa Makonde, yako mambo mawili ambayo mtoto hufundishwa kabla hajajua kusoma. La kwanza ni kwamba mbegu ya mwakani hailiwi. Huwekwa darini, juu ya moshi wa jiko, na hata njaa ikibisha hodi haiguswi. La pili ni adabu ya maji. Juu ya uwanda huu hakuna mito; wazee wetu walishuka mabondeni na kupanda tena na mitungi kichwani, mpaka ulipokuja mradi wa maji ya bomba katika miaka ya 1950. Kwa hiyo anayechafua maji ya wengi hukosa pa kuficha uso.

Nimeyakumbuka mafundisho hayo kwa sababu itakayomshangaza msomaji wa rika langu: mashine za gemu za vijana. Mimi nimestaafu ualimu, nao bado huniletea maswali yao. Swali moja lilinifanya nitafute historia ya jambo hili, nami naiandika hapa kwa ufupi.

Mashine ya PlayStation ya kampuni ya Sony ilitoka Japani Desemba 1994. Diski zake halali zilikuwa na alama iliyofichwa ambayo kompyuta ya kawaida haikuweza kuinakili. Mafundi wakatengeneza chipu ndogo ya kulehemu ndani ya mashine, na kazi yake ilikuwa kuitajia mashine alama ile hata kama diski ni ya kunakiliwa. Ilipotoka PlayStation 2, Machi 2000, chipu nazo zikaifuata. Katika Afrika Mashariki mashine hizo zilizochipuliwa ndizo zilizojaza vibanda vya gemu: runinga, benchi, gemu ya mpira, na vijana wanaolipia kila mchezo. Kwetu Kusini, Daraja la Mkapa lilipofunguliwa kwenye mto Rufiji mwaka 2003, bidhaa za Kariakoo zilianza kutufikia kwa urahisi zaidi.

Zama hizo mashine ya kibandani haikuzungumza na mtu yeyote wa nje. Ikiharibika, hasara ni ya mwenyewe. Mambo yalibadilika ilipoingia kwenye mtandao. Julai 2009 waya wa SEACOM ulifika Dar es Salaam kupitia chini ya bahari, na taratibu intaneti ikaenea. Mashine inayoingia mtandaoni hujitambulisha kwa mwenye mtandao kama mgeni anavyotaja jina na ukoo wake, na mwenye nyumba anaweza kumkagua.

Mgogoro mmoja mkubwa ulihusu PlayStation 3. Sony iliiuza mwaka 2006 ikiwa na ruhusa ya kuwekewa mfumo mwingine wa kompyuta. Mapema mwaka 2010 kijana Mmarekani, George Hotz, alitangaza kwamba amepenya ulinzi wake. Tarehe 1 Aprili 2010 Sony ikaiondoa ruhusa ile, na aliyekataa mabadiliko hayo akazuiwa kuingia kwenye mtandao wake. Mnunuzi alitakiwa achague kati ya kitu alichokilipia na mlango alioahidiwa. Januari 2011 Sony ilimshtaki Hotz, nao wakapatana kabla ya Aprili kwisha. Mwezi huohuo wavamizi wengine waliingia katika mtandao wa kampuni hiyo. Habari za akaunti zipatazo milioni 77 zikawa hatarini, na mtandao ukafungwa kwa zaidi ya wiki tatu. Basi hata mwenye kisima huweza kushindwa kukilinda.

Kisha ikaja Switch ya Nintendo, Machi 2017. Aprili 2018 watafiti walitangaza kasoro iliyokuwa ndani ya chipu yenyewe, mahali pasipofikiwa na marekebisho ya mtandaoni, kwa hiyo kampuni ikalazimika kubadili mashine zilizotengenezwa baadaye. Hapo ndipo hekima ya mbegu ilipozaliwa upya miongoni mwa mafundi. Fundi mwangalifu, kabla ya kugusa chochote, hunakili hifadhi yote ya ndani pamoja na funguo zake, akaiweka nakala hiyo kwenye kompyuta na mahali pengine tena. Nakala ya mashine moja haifai kwa nyingine, kwa kuwa kila moja ina funguo zake. Halafu hutengeneza mfumo wa pili kwenye kadi ya kumbukumbu, na ukorofi wote hufanyika huko, mtandao ukiwa umezimwa. Mfumo wa asili hubaki safi, nao peke yake ndio unaoingia mtandaoni, ukiwa na gemu zilizonunuliwa.

Sasa lile swali. Kijana mmoja wa kwetu alitumia fedha za korosho kununua Switch iliyokwisha kutumika, akiitarajia imfungulie kibanda. Aliyeibadilisha hakuacha nakala. Kijana akaiunganisha na mtandao, na baada ya siku chache ikafungiwa. Alinijia akasema, "Shikamoo, Mwalimu. Si nimeinunua kwa fedha yangu?"

Nilimjibu kwamba mashine ni yake, lakini mtandao si wake. Tena hata angekuwa na nakala isingemwokoa, kwa maana kufungiwa hakuandikwi ndani ya mashine tu. Huandikwa katika daftari la mwenye mtandao, kwa jina la mashine ile. Nakala hurudisha mashine, hairudishi jina. Ndiyo maana anayenunua mashine ya mkono wa pili, asiyejua ilikopita, hana budi kuitumia nje ya mtandao tu. Kijana yule anaendelea kuichezesha hivyo, lakini mashindano ya mbali aliyoyatamani kwa kibanda chake hayapo.

Sheria nayo ina neno. Sheria yetu ya hakimiliki ya mwaka 1999 inalinda programu za kompyuta. Marekani, Februari 2022, Gary Bowser, mmoja wa kundi lililouza vifaa vya kupenya Switch, alihukumiwa kifungo cha miezi 40. Mei 2025 Nintendo iliandika katika masharti yake kwamba inaweza kuifanya mashine iliyobadilishwa isitumike kabisa. Naliona sharti hilo kuwa zito mno. Mwenye kisima ana haki ya kukukataza kuteka, lakini hana haki ya kuuvunja mtungi wako.

Hata hivyo hasira haimpi kijana mashine nyingine. Katika historia hii ya miaka thelathini na zaidi, nimeona kwamba waliosalimika ni wale waliotenganisha vitu viwili: kilicho chao wakakiwekea nakala mapema, na kilicho cha wengi wakakiendea kwa mikono safi. Baba zetu hawakujua intaneti, lakini waliiweka mbegu darini kabla ya njaa, na walinawa kabla ya kushika kata ya maji.