Kutu Iliyogeuzwa Kuwa Chuma

Wasikilizaji, mtu akisahau jembe lake nje huku Msimbati, hewa ya chumvi huanza kulila, na baada ya siku si nyingi huona juu yake unga mwekundu. Ndiyo kutu, yaani chuma kilichoshikana na oksijeni iliyo katika hewa. Mawe ambayo wahunzi wa zamani waliyachimba ni ndugu wa kutu hiyo, na kazi yao yote ilikuwa kuiondoa oksijeni.

Wahaya, magharibi ya Ziwa Viktoria, waliijua kazi hiyo yapata miaka elfu mbili iliyopita. Walichimba shimo, wakachoma matete ya bwawani ndani yake, wakajenga tanuri juu, wakatia mawe na makaa, wakavukuta kwa mirija ya udongo. Hewa ya makaa iliinyakua oksijeni, takataka zikayeyuka, donge la chuma likabaki. Chuma cha kununuliwa kiliuzima moto huo. Lakini katika miaka ya 1970 wazee walioukumbuka waliuwasha tena mbele ya wataalamu.

Basi chuma kina tabia moja: hurefuka kwa joto. Reli ya mita 100 ikizidi joto digrii 10 hurefuka milimita 12 hivi. Kwa mpima nchi mwenye utepe wa chuma, hilo ni kosa kubwa. Mwaka 1896 Charles-Édouard Guillaume, Mswisi aliyefanya kazi Ufaransa, alipata mchanganyiko wa chuma sehemu 64 na nikeli sehemu 36 unaorefuka kama sehemu moja ya kumi tu. Ukaitwa Invar, naye akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1920. Gesi, kama ile iliyogunduliwa hapa Mnazi Bay mwaka 1982, ikigandamizwa na baridi ya digrii 162 chini ya sifuri hata ikawa kimiminiko, hupakiwa melini. Na meli nyingine matangi yake yametandikwa ndani mabati membamba ya Invar.

Kwa desturi, kila madini hutolewa kwanza katika mawe yake, kisha huyeyushwa pamoja: moto juu ya moto, na moshi mwingi. Mwaka 2024 wataalamu wa Taasisi ya Max Planck huko Düsseldorf, Ujerumani, walichanganya unga wa chuma na wa nikeli, zote zingali zimeshikana na oksijeni, wakaushindilia, wakautia katika tanuri yenye gesi ya haidrojeni kwa joto la digrii 700 hivi. Chuma huyeyuka kwa digrii 1,538, kwa hiyo hapo hakikuyeyuka. Haidrojeni iliichukua oksijeni ikatoka nayo kama mvuke wa maji. Punje zikaingiliana, zikashikana, zikawa Invar kwa moto mmoja.

Mhunzi wa Buhaya angelitambua donge lile mara moja. Angeuliza tu, nadhani, makaa yako wapi.