Kionjo cha Mchezo wa Doom

Mwuza halua humwonjesha mnunuzi kipande kidogo tu. Lakini tarehe 10 Desemba, 1993, kampuni ya id Software ya Marekani ilipotoa mchezo wa kompyuta uitwao Doom, iliwaonjesha watu theluthi nzima! Sehemu ya kwanza kati ya tatu, yenye hatua tisa, ilikuwa bure, na mtu aliruhusiwa kumnakilia mwenziwe. Waliotaka kuipata kwa mtandao walisongamana hata mashine ya chuo kikuu kimoja cha Wisconsin, ilimowekwa, ikalemewa. Hatua nyingi za kionjo hicho zilibuniwa na John Romero. Nazo, kwa maoni yangu, zazipita kwa uzuri zile za kununuliwa. Wengi walitosheka nacho, wasilipe hata senti; lakini waliolipa walitosha kuitajirisha kampuni.