Sanduku la Kufuli Tatu na Simu ya Mwalimu

Jumapili alasiri, katika mitaa mingi ya Dar es Salaam, utawakuta akina mama wa kikoba, chama cha kuweka akiba na kukopeshana, wameketi mkekani. Katikati yao pana sanduku la bati lenye kufuli tatu. Funguo zinashikwa na watu watatu, na anayelala na sanduku hana hata ufunguo mmoja. Noti huhesabiwa mbele ya wote, kwa sauti. Aliyechelewa hutozwa faini papo hapo, awe mke wa mjumbe au muuza vitumbua.

Jumatatu asubuhi, mama yuleyule aliyekuwa akizikodolea macho noti za wenzake hutuma pesa za masomo ya jioni kwenye simu ya mwalimu wa darasa la saba. Hadai risiti, haulizi daftari liko wapi. Ukimtania, hujibu bila kucheka: mwalimu ndiye anayeshinda na mwanangu, nianzie wapi kumdai stakabadhi?

Jibu hilo ndilo lililonifanya nitazame jinsi wengine wanavyoibeba fedha ya aina hii, maana kila jamii inayowapa watoto masomo ya ziada hulazimika kuamua nani ashike mfuko.

Wamarekani waliamua kwamba asiwe mwalimu. Chama chao cha kitaifa cha wazazi na walimu kilianza mwaka 1897 mjini Washington, kikiwa mkutano wa akina mama. Katika matawi yake, bajeti hupigiwa kura na wanachama, hundi hutiwa saini na watu wawili, na vitabu hukaguliwa na mtu asiyetia saini hundi hizo. Mzazi anayemtaka mtoto ajifunze sataranji au kuchora baada ya saa za shule mara nyingi hulipa kwa chama, nacho humlipa anayefundisha. Ukiondoa hundi na keki wanazouza kutunisha mfuko, hiki ni kikoba hasa.

Lakini sanduku lao, pamoja na kufuli zake, hufungwa ndani ya uzio wa shule moja. Shule ya matajiri hujaza lake, ya jirani maskini hubaki na la kwake tupu. Mji wa Portland, Oregon, ulijaribu kulitibu hilo: kwa miaka mingi mfuko wa wazazi wa kila shule ulibaki na dola 10,000 za kwanza ulizochangisha, na theluthi ya kilichozidi ikaenda kwenye mfuko wa pamoja. Wazazi wa shule tajiri walinung'unika, na sishangai. Kuhesabu fedha kwa uaminifu ni jambo moja, kukubali ziende kwa mtoto wa mwenzio ni jingine.

Kongo ni kisa cha upande wa pili, na kinauma zaidi. Mishahara ya walimu ilipokufa mwanzoni mwa miaka ya 1990 na migomo ikafunga madarasa, wazazi na makanisa walikubaliana kwamba mzazi atoe nyongeza ya kumweka mwalimu darasani. Ilikusudiwa iwe dharura. Ikadumu zaidi ya robo karne, hadi serikali ilipotangaza elimu ya msingi bila malipo mwaka 2019. Na katika miaka hiyo, sehemu ya fedha ilipanda ngazi, ikitoka shuleni na kulisha ofisi za elimu zilizo juu yake. Mzazi wa Bukavu alidhani anamlipa mwalimu, kumbe anaendesha idara nzima. Aliyeshindwa kulipa, mwanawe ndiye aliyerudishwa nyumbani.

Kenya ilishika sheria. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 ilipiga marufuku masomo ya ziada wakati wa likizo, faini ikiwa hadi shilingi 100,000 au kifungo kisichozidi mwaka mmoja, ama vyote viwili. Sheria hiyohiyo inakitaka chama cha wazazi kitafute njia za kuwapa walimu motisha. Neno motisha likawa mlango wa nyuma, na tuisheni ikapita hapo ikiwa imevaa kanzu.

Sisi Tanzania tulichagua njia ya amri. Ada na michango ya lazima vilifutwa katika shule za umma, hadi kidato cha nne, kuanzia Januari 2016. Miaka miwili baadaye Rais Magufuli, kwa hasira iliyoeleweka, akakataza walimu kugusa michango: anayetaka kuchangia ampelekee mkurugenzi wa halmashauri. Nia ilikuwa njema, tena ilimwondolea mwalimu shutuma. Tatizo ni kwamba mkurugenzi hafundishi hesabu saa kumi jioni, na mtihani wa darasa la saba haukufutwa pamoja na ada. Fedha haikuacha kutoka. Ilichoacha ni kupita mezani. Ilipokuwa inasomwa kwenye kikao cha wazazi, hata kwa daftari lililochanika, palikuwa na mtu wa kuuliza. Sasa iko ndani ya simu, na simu ni mali ya mtu.

Kumlipa mwalimu bila kumhoji si jambo geni kwetu: zamani, katika chuo cha Kurani cha pwani, mara nyingi mzazi alimpa mwalimu mkononi alichojaaliwa, na mtoto akihitimu alifanyiwa sherehe na mwalimu akatunzwa. Hapakuwa na mweka hazina, wala hakuhitajika: mara nyingi hapakuwa na bei maalumu, na mtoto wa asiyenacho aliketi safu ileile. Tumebakiza ile heshima ya kutomhoji mwalimu, tukaiwekea bei ya kila wiki. Mchanganyiko huo, kwangu, ni mbaya kuliko vyote nilivyovitaja.

Basi, mama wa kikoba, kikao cha wazazi kitakapoitishwa usiende mikono mitupu. Mchukue mweka hazina wenu, chukua na sanduku.