Pazia la Edinburgh

Sanaa ya kupiga picha ilipokuwa bado changa, waliosimamia maonyesho yake walikabiliwa na swali ambalo wachoraji walikuwa wamekwisha kusamehewa: je, mwili wa mwanadamu usio na nguo waweza kupewa heshima ya sanaa? Swali hilo lingali linawagawa waamuzi wa mashindano ya picha, na kisa kimoja cha zamani chaonyesha vema kiini chake.

Mwaka wa 1857 mji wa Manchester, Uingereza, ulifanya maonyesho makubwa ya hazina za sanaa. Watu zaidi ya milioni 1 waliyaingia, na picha za kamera zilipewa nafasi humo pamoja na kazi za wachoraji. Miongoni mwazo ilikuwamo moja ya Oscar Rejlander, Mswidi aliyefanya makazi Wolverhampton, naye alikuwa mchoraji kabla ya kushika kamera. Aliiita The Two Ways of Life, yaani Njia Mbili za Maisha. Mzee asimama katikati na vijana wawili. Mmoja aelekea kulia, kwenye ibada, kazi na huruma; wa pili avutwa kushoto, kwenye kamari, ulevi na zinaa, na huko ndiko waliko wengi wa wanawake walio uchi.

Kamera ya siku zile haikuweza kunasa umati kama huo kwa mara moja bila dosari. Rejlander alipiga watu wake mafungu mafungu, akapata vioo 32, kisha akavichapa kimoja baada ya kimoja, akiifunika karatasi yote isipokuwa mahali pa kioo kile. Kazi ilichukua majuma sita. Karatasi yenyewe ilikuwa mbili zilizounganishwa, upana wake inchi 31. Mpangilio wa watu wakumbusha The School of Athens ya Raphael. Rejlander alitaka kuthibitisha kwamba mpiga picha naye hubuni, hapokei tu kile ambacho jua limemletea. Malkia Victoria alinunua nakala kwa ajili ya mumewe, Prince Albert. Katika Uingereza ya siku zile, tuzo gani ingaliipita hiyo?

Walakini chama cha wapiga picha cha Scotland kilikataa kuitundika. Mwaka wa 1858 kikakubali, ila nusu ya kushoto ilifunikwa pazia. Hebu msomaji aufikirie upatanisho huo. Picha ambayo maana yake yote ni uchaguzi baina ya njia mbili ilionyeshwa ikiwa na njia moja, na yule kijana wa kushoto akawa anakimbilia kitambaa.

Tusidhani kwamba wapinzani walikuwa watu wasioijua kazi. Thomas Sutton ndiye aliyepiga picha zilizotumiwa na James Clerk Maxwell mwaka wa 1861 katika jaribio mashuhuri la picha ya rangi. Mwaka wa 1863 alisema mbele ya chama hicho cha Scotland kwamba michoro ya William Etty, yenye wanawake uchi, yafaa kuonyeshwa hadharani, lakini picha ya kamera haifai, kwa kuwa yaonyesha nyama na damu ya mtu halisi. Hoja hiyo siidharau. Mchoraji huanza na mwanamke fulani akamaliza na mwanamke asiyekuwako. Kamera haina mlango huo wa kutokea. (Lugha yetu yenyewe ina uchi na ina utupu, na maneno yote mawili yamebeba aibu.) Kosa la Sutton li mahali pengine: wanawake wale aliwaita makahaba. Rejlander alikuwa amewaajiri waigizaji, watu wenye kazi ya kusimama kimya jukwaani wakiiga sanamu na michoro. Anayesema kwamba picha yaonyesha mtu halisi alipaswa awe wa kwanza kuchunga jina la mtu huyo.

Rejlander mwenyewe alivunjika moyo. Mwaka wa 1859 alimwandikia Henry Peach Robinson kwamba amezichoka picha za kuunganisha, kwa kuwa hazimpi faida wala heshima. Alikufa maskini mwaka wa 1875. Leo jina lake limo katika kila historia ya sanaa hii, na picha yake hutazamwa bila pazia. Wanawake wa upande wa kushoto wangali wamesimama pale alipowapanga, bila majina.